Wajibu wa Mzazi kwa Mtoto Mzito wa Masomo

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wetu, mwalimu mstaafu wa elimu maalum, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi. Yamechapwa kama yalivyotolewa, ila marudio machache yameondolewa.)



Kwanza kabisa napenda kumshukuru Mwenyekiti kwa kunipa nafasi hii. Wenzangu walionitangulia wameeleza habari za hisa, za mikopo, na za nyumba zilizoezekwa bati kwa fedha za sanduku letu. Hayo yote ni kweli na tunajivunia. Mimi nitasema habari ya watoto ambao hawatajwi katika taarifa ya mweka hazina, ingawa fedha nyingi za wanachama zinawaendea wao. Nao ni wale watoto wetu wanaokwenda shule mwaka wa tatu, wa nne, na bado hawajui kusoma. Pamoja na wale ambao shule hawajapelekwa kabisa, wako ndani.

Nimefundisha elimu maalum tangu nilipotoka Chuo cha Patandi, kule Arusha, mpaka nilipostaafu. Nimepokea watoto wa kila namna. Nilichokiona ni hiki: watoto wawili wenye hali moja wanaweza kuanza pamoja, mmoja akapiga hatua na mwenzake akabaki pale pale. Mara nyingi tofauti yao ilikuwa mtu wa nyumbani. Yule aliyepiga hatua alikuwa na mtu anayefuatilia. Hili ndilo neno langu la leo. Na mwisho nina ombi moja kwa kikundi, lakini nitaliweka mwisho, lisije likawakimbiza kabla ya pilau.

NI WATOTO GANI HAWA?

Tukisema mtoto mwenye ulemavu wa kujifunza, wengi humfikiria mtoto mmoja tu, yule anayekaa mlangoni akidondosha mate. Hapana, jamani. Wako wa aina nyingi. Yuko mwenye ulemavu wa akili, ambaye akili yake inakua polepole kuliko umri wake. Ana miaka kumi, mambo yake ni ya mtoto wa miaka mitano. Yuko mwenye usonji, ambaye shida yake kubwa ni kuwasiliana na kuchanganyika na watu. Yuko asiyeweza kutulia wala kushika jambo moja kwa dakika mbili. Na yuko yule ambaye akili yake ni nzima kabisa. Ukimtuma dukani anarudisha chenji sawasawa, akisimulia hadithi mnacheka, lakini mbele ya maandishi anakwama. Wataalamu huita hali hiyo disleksia. Huyu ndiye anayechapwa sana, maana watu humwona mvivu.

Kiswahili chetu kina bahati, kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazishika silabi, ba be bi bo bu, anaweza kusoma karibu neno lolote. Kwa sababu hiyo mtoto mwenye disleksia, akisoma Kiswahili, mara nyingi hakosei sana, bali anakwenda polepole mno. Wenzake wamemaliza ukurasa, yeye yuko mstari wa pili. Akifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshamtoka. Wengine huchanganya b na d, au huruka herufi kwenye silabi kama mbwa na ndwe. Wengine ni wajanja, hukariri ukurasa mzima kwa kuwasikia wenzao. Wewe funika picha kwa mkono, kisha mwonyeshe neno lile lile kwenye gazeti. Utajua mara moja kama anasoma au anaimba.

Lakini kabla hujasema mtoto ni mzito, mpeleke akapimwe masikio na macho. Mtoto ambaye masikio yake yanatoa usaha kila msimu wa baridi, ukimweka nyuma ya darasa lenye watoto themanini, ataonekana mjinga ilhali hasikii. Nimewaona wa namna hiyo, na dawa yao ilikuwa hospitalini.

TUACHE KUMTAFUTA MCHAWI

Jambo la pili, akina mama wenzangu, ni hili la kulaumiana. Mtoto akizaliwa na shida, kikao cha kwanza cha ukoo huuliza nani amemroga, na cha pili huuliza mama alifanya nini. Ubongo wa mtoto unaweza kuumia mama anapokaa na uchungu muda mrefu mtoto akakosa hewa. Unaweza kuumia kwa umanjano mkali wa mtoto mchanga usiotibiwa mapema, kwa malaria iliyopanda kichwani, au kwa homa ya uti wa mgongo. Mama mjamzito akikosa madini joto, mtoto anaweza kuathirika. Ndiyo sababu tunaambiwa tununue chumvi iliyotiwa madini hayo. Wengine huzaliwa na kromosomu moja zaidi, yaani vile vinyuzi vya urithi vilivyomo mwilini. Hao ndio wenye hali ya Down, na sababu hiyo iligunduliwa na watafiti wa Ufaransa mwaka 1959. Na disleksia mara nyingi inatembea katika ukoo. Muulize baba yake, kwa upole, yeye kusoma kulimwendeaje.

Hakuna hata moja kati ya hayo linaloondoka kwa chale wala kwa kuku mweusi. Ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya mganga angelipa nauli ya shule miaka miwili. Na kama mtoto ana kifafa, dawa za hospitali zisikatizwe, na mwalimu aambiwe, kwa sababu baadhi ya dawa hizo humfanya mtoto asinzie darasani. Mwalimu asiyejua atafikiri ni utovu wa adabu.

MZAZI ANAJUA ASICHOKIJUA MWALIMU

Kiwango kilichowekwa na serikali kwa shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Ninyi wenyewe mnajua madarasa mengi yamepita hapo. Hata mwalimu awe mzuri namna gani, hawezi kujua kwamba mwanao anaelewa akionyeshwa mara tatu bila kelele, kwamba anaogopa ngurumo ya pikipiki, kwamba asipokunywa chai asubuhi hana kazi mpaka saa tano. Hayo unayajua wewe.

Nilikuwa na binti mmoja katika kitengo chetu. Kwa visoda hakuweza kuhesabu kupita tano, tulijaribu muhula mzima. Siku moja mama yake alipita shuleni na sinia la maandazi kichwani, akaniambia, "Mwalimu, mbona huyu kila asubuhi ndiye anayenipangia kumi kumi, na hakosei?" Kumbe! Tukaacha visoda, tukaanza na maandazi, kisha maandazi ya udongo, kisha michoro ya maandazi ubaoni. Muhula ulipoisha alifika ishirini. Leo ni mtu mzima, anauza mwenyewe na haibiwi. Mimi nilikuwa na cheti cha chuo, mama yule aliishia darasa la nne, lakini ufunguo ulikuwa kwake.

Kwa hiyo usimkabidhi mwalimu mtoto kama unavyokabidhi mzigo kwenye basi. Nenda ukamweleze mtoto wako ni nani.

KAZI YA NYUMBANI: KIDOGO, KILA SIKU, NA IANDIKWE

Wengine wataniambia, "Mwalimu, sisi si walimu, tutamfundisha nini?" Ninyi mmeshajifunza namna ya kufundisha, ila hamkuiita hivyo. Kikundi hiki kimefika miaka kumi kwa mambo matatu: tunakutana bila kukosa, tunaweka kidogo kidogo, na tunaandika. Mtoto huyu afanyiwe hayo hayo.

Kwanza, bila kukosa. Dakika kumi na tano kila siku, saa ile ile, mahali pale pale. Saa mbili nzima siku ya Jumapili hazifai kitu. Ikifika Jumatano amesahau.

Pili, kidogo kidogo. Kila kazi ivunjwe vipande. Unataka avae shati mwenyewe? Mvalishe, umfungie vifungo vyote, umwachie kile cha mwisho afunge yeye. Akikiweza, mwachie viwili. Kila siku anamaliza kazi kwa mkono wake na anaona ameshinda. Kusoma ni vivyo hivyo: silabi za herufi moja mpaka azishike, ndipo uende nyingine. Hakuna haja ya kununua vifaa. Tandaza mchanga kwenye sinia aandike herufi kwa kidole. Kata boksi la sabuni utengeneze kadi. Hesabuni vitunguu mnapopika.

Tatu, iandikwe. Mnunulie daftari moja, andika tarehe na alichoweza. Kama kuandika kunakusumbua, mwambie dada yake akuandikie. Baada ya muhula mmoja, ukienda shuleni na daftari hilo, mazungumzo yanabadilika. Husemi tena "mwanangu hajui kitu." Unasema, "Tangu Februari ameshika silabi za m na za b, za k bado zinamshinda, tumsaidieje?" Mwalimu akisikia hivyo anakaa sawa kwenye kiti.

Nawaomba pia mambo mawili ya kuacha. Tuache kumpiga kwa kutojua. Fimbo haijamfundisha mtu silabi, inamfundisha kuficha daftari. Na tuache kumfanyia kila kitu kwa huruma. Mtoto anayelishwa, anayevalishwa na kubebwa mpaka ana miaka kumi na mitano, siku mama akiondoka duniani atashikwa na nani? Na usimlinganishe na mtoto wa jirani. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita.

KUDAI HAKI KWA ADABU

Sasa niseme habari ya kwenda shuleni. Wako wanachama walioambiwa, "Hapa hatupokei watoto wa namna hii." Yuko mmoja ambaye mwanawe alipokelewa, akakalishwa dawati la nyuma miaka miwili, akipewa kazi ya kufuta ubao tu. Shule sitaitaja. Nasema hivi: usigombane, na usiondoke na majibu ya mdomo.

Jueni sheria zenu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima kwa kila mtoto aliyefikisha umri wa kwenda shule, haikusema isipokuwa mzito. Mwaka 1994, kule Salamanca, Hispania, mataifa yalikubaliana kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya matunzo maalum na elimu. Mwaka huo huo Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Tangu mwaka 2016 ada ya shule ya serikali imefutwa kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne. Kwa hiyo mtu akikukataa, hakukatai kwa sheria.

Utaratibu ni huu. Anza na mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu. Ukikwama, nenda kwa afisa elimu kata, halafu kwa afisa anayeshughulikia elimu maalum katika halmashauri. Omba mtoto apimwe ili ijulikane shida yake ni ipi na anafaa kukaa darasa la kawaida kwa msaada, au kwenye kitengo cha elimu maalum. Chukua cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na lile daftari. Kadi ya kliniki msiitupe, maana inaeleza alizaliwaje na alipatwa na degedege lini. Ukiambiwa "njoo kesho," andika tarehe na jina la aliyekwambia, mbele yake, kwa adabu. Utashangaa mambo yatakavyokwenda.

Akikaribia mtihani, uliza mapema. Baraza la Mitihani lina utaratibu wa kuwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalum, lakini shule isipopeleka taarifa mapema, siku ya mtihani hakuna wa kukusikiliza. Na kamati ya shule ikichagua wajumbe wa wazazi, mama mwenye mtoto kama huyu asikae nyuma ya mkutano. Agombee. Vyoo, njia, chakula cha mchana, yote hupita kwenye kamati.

Tena kumbukeni kwamba si kila mtoto atakwenda sekondari, na si aibu. Wako wanaofaa kwa ushonaji, upishi, bustani na ufugaji. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Zile mbili ni zao. Lakini hata mkopo unamtaka mtu anayejua kuhesabu maandazi yake, na hapo tunarudi kwenye zile dakika kumi na tano.

AKINA BABA

Neno dogo kwa akina baba. Mtoto akifaulu anaitwa mtoto wa fulani bin fulani. Akishindwa anakuwa mtoto wa mama yake. Tuseme ukweli, si ndivyo? Simlaumu mtu siku ya sherehe. Naomba tu kila baba aende shuleni mara moja kwa muhula, akae na mwalimu nusu saa. Mtoto mzito anajua kusoma uso wa baba yake kabla hajajua kusoma herufi. Akiona baba amekuja, siku hiyo ni sikukuu.

OMBI LANGU KWA KIKUNDI

Sasa nafika kwenye ombi. Mwenyekiti, naomba univumilie.

Yuko mwenzetu, mmoja wa waanzilishi, ambaye leo hayupo hapa. Alikuwa mshika funguo wetu. Mwanawe yuko kwenye kitengo, kwenye shule ambayo ni safari ya magari mawili kutoka hapa, na hawezi kurudi peke yake. Kikao chetu kinaanza saa nane, na saa nane ndipo watoto wanapotoka. Kila wiki alifika amechelewa. Faini ya kuchelewa ni shilingi elfu moja, hisa ni elfu mbili. Kwa mwezi alilipa elfu nne, yaani hisa mbili zimekwenda kwa faini. Alisema kikaoni, nasi tulimsikia: "Jamani, nikija mapema namwacha mtoto barabarani, nikimfuata nalipa." Baadaye akaacha kuja. Alichagua mtoto, na katiba yetu ikamwandika mtoro. Sasa ni mwaka wa pili.

Simlaumu kiongozi yeyote. Kanuni ilitungwa kwa nia njema, na bila faini tusingefika hapa. Lakini kanuni hii inamtoza mama kwa kufanya kile ambacho nimesimama hapa kuwaomba mfanye. Hivyo basi naomba mkutano mkuu ujao ujadili mambo matatu.

La kwanza, mwanachama anayechelewa kwa sababu ya kumpeleka au kumfuata mtoto huyu shuleni asitozwe faini, na hisa yake ipokewe hata ikiletwa na mwenzake.

La pili, mfuko wa jamii, ambao sasa ni wa misiba na magonjwa, ulipe pia nauli ya mtoto kwenda kupimwa. Tuko thelathini. Kila mmoja akiongeza shilingi mia mbili kwa wiki, tunapata elfu sita. Kwa mwaka ni laki tatu na elfu kumi na mbili. Fedha hizo zinaweza kupeleka watoto kadhaa na kuwarudisha.

La tatu, tuwe na zamu. Siku ya gulio, au mama anapoitwa shuleni, mmoja wetu akae na mtoto. Hili halina gharama, linataka moyo tu.

Najua wako watakaosema kila mtu ataleta udhuru wake. Ni hoja ya haki, na jibu lipo. Mtoto ana daftari, mwalimu atalitia sahihi kila wiki. Asiye na sahihi alipe faini kama kawaida. Wengine watasema, "Sisi hatuna watoto wa namna hiyo." Mshukuruni Mungu. Lakini malaria haibishi hodi kwa kuangalia nani ana mtoto mzima, na uchungu wa kuzaa haumchagui mtu. Tulipoanzisha mfuko wa misiba hatukungoja kila mmoja wetu afiwe.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sisi tumeujaribu usemi huo kwa fedha miaka kumi na tumeona ni kweli. Tuujaribu sasa kwa watoto hawa. Nami najitolea kila Jumamosi asubuhi, nyumbani kwangu, mama yeyote aje na mtoto wake na daftari, tuketi pamoja. Sitatoza ada. Aje tu na mkeka wake, maana viti ninavyo vinne.

Baada ya kusema hayo, nakutakieni kikundi maisha marefu, na naomba yule mshika funguo wetu apelekewe kijitabu hiki na mtu, kwa mkono, pamoja na majibu ya mkutano mkuu.